Gato ya mtoto haihitaji vumbi la shaba

Jumamosi katika mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, utaona gari likienda polepole kupita kiasi, na mama amekaa nyuma akishika katoni kwa mikono miwili. Usiulize. Ndani mna gato. Inaweza kuwa ya sikukuu ya kuzaliwa, ya komunyo ya kwanza, ya mahari, au ya kijana aliyemaliza chuo kikuu. Wengi wanaozitengeneza hawana duka. Ni akina mama na wasichana wanaopika jikoni kwao, wanaopokea oda kwa WhatsApp na kulipwa kwa simu. Kwa pesa hiyo wanalipa karo, nyumba na dawa.

Kazi hiyo ninaiheshimu. Ninachotaka kusema leo kinahusu kile tunachoweka juu yake. Gato ikiwa tayari, mara nyingi inamwagiwa unga wa kung'aa wa rangi ya dhahabu, fedha au shaba, inarushiwa payeti, kisha inachomekwa maua ya plastiki. Vitu hivyo vinatoka mbali na kupita mipaka kadhaa kabla ya kufika kwetu, na vingine vinauzwa katika vichupa vidogo ambavyo havisemi ndani mna nini. Mtoto anakata kipande, analamba vidole, na wageni wanapiga picha.

Maoni yangu ni haya: mapambo ya gato, hasa gato za watoto, tuyatengeneze wenyewe nyumbani, kwa sukari, mayai, karanga na mboga zetu, na tuchukue mifano katika maumbile ya Katanga. Nina sababu tatu: afya, mfuko, na haki ya mtoto ya kuona nchi yake kwenye meza ya sikukuu yake.

Shaba tunayokula inatosha

Tuanze na afya, maana hapo ndipo kuna hatari. Mwezi wa Oktoba 2021, shirika la Marekani linalosimamia udhibiti wa magonjwa, CDC, lilitangaza habari za visa viwili. Cha kwanza kilitokea mwaka 2018 katika jimbo la Rhode Island. Watoto sita, wenye umri kati ya mwaka 1 na miaka 11, walianza kutapika na kuhara baada ya kula gato ya sikukuu ya kuzaliwa. Gato hiyo ilikuwa imepakwa unga wa kung'aa wenye rangi ya dhahabu iliyochanganyika na wekundu. Wachunguzi walipopima, walikuta kwamba unga huo ulikuwa na shaba nyingi. Watoto wale walikuwa wamekula madini.

Kisa cha pili ni cha mwaka 2019, jimbo la Missouri. Mtoto wa mwaka mmoja alipimwa damu ikakutwa na madini ya risasi, ile plombe inayotumiwa katika betri za magari. Katika kutafuta chanzo, wachunguzi walifika kwenye unga wa rangi ya manjano uliopambia gato yake. Karibu robo ya unga ule ilikuwa plombe. Na plombe, tofauti na chakula kibovu, haimtapishi mtoto usiku mmoja ikaisha. Inakaa mwilini, na inaharibu ubongo unaoendelea kukua.

Hayo yalitokea Marekani, nchi yenye maabara, wakaguzi na sheria kali. Sisi tuko wapi? Tuko katika mji uliojengwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, mji ambao bomba la Gécamines na mlima wa mabaki yake unauona kabla ya kufika. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa KU Leuven ya Ubelgiji walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo wao, na watoto ndio waliokuwa katika hali mbaya zaidi. Njia kubwa ni vumbi: vumbi la barabara, vumbi la nyumbani, vumbi linalokaa kwenye mikono na kwenye chakula.

Kwa hiyo mtoto wa Lubumbashi hana nafasi ya kuongezewa. Zamani, mafundi waliyoyeyusha shaba Katanga waliitwa kwa Kifaransa "mangeurs de cuivre", yaani walaji wa shaba. Lilikuwa jina la sifa, maana shaba ndiyo iliwalisha. Lakini hata wao hawakuinyunyiza kwenye sahani ya mtoto.

Sisemi kila unga wa kung'aa ni sumu. Kuna ule uliotengenezwa kwa ajili ya kuliwa, na unajulikana kwa maandishi yake. Tafuta neno "comestible" au "alimentaire", kisha tafuta orodha ya vitu vilivyomo. Neno "non toxique" peke yake lisikudanganye. Linasema tu kwamba ukiugusa au ukiumeza kidogo kwa bahati mbaya huwezi kufa. Halisemi kwamba ni chakula. Hata chokaa ya darasani huandikwa hivyo. Na "usage décoratif uniquement" maana yake iko wazi: uondoe kabla ya kula. Sasa unga uliopakwa kwenye krimu utauondoaje?

Jambo jingine dogo kwa wanaosoma vibandiko: E171 ni dioksidi ya titani, rangi nyeupe inayowekwa katika mapambo mengi ya sukari. Ufaransa iliisimamisha katika vyakula tangu mwaka 2020, na Umoja wa Ulaya wote ukafuata mwaka 2022. Kama wao wameikataa kwa watoto wao, sisi tunaweza walau kuiuliza.

Msitu wetu unatosha kupamba

Watu wataniuliza: ukiondoa vinavyong'aa, gato itapendeza kwa nini? Nami ninawaambia watazame nje ya ukuta.

Chukua uyoga. Wafaransa na Wabelgiji walituachia ile gato ya Noeli yenye umbo la gogo, wanayoiita bûche, na desturi yao ni kuipamba kwa uyoga mdogo wa meringi. Kwao Desemba ni baridi, na uyoga wa msituni umekwisha kuondoka. Kwetu Desemba mvua zimeanza, miombo imelowa, na akina mama wamekaa kando ya barabara na mafungu ya uyoga mpya kwenye beseni. Kwa hiyo pambo ambalo kwao ni kumbukumbu ya msimu uliopita, kwetu ni habari ya juma hili. Gogo lenye uyoga ni letu kuliko mti wa msonobari wa plastiki wenye theluji ya payeti.

Uyoga huo hautaki fundi mkubwa. Ute wa mayai mawili, gramu 120 za sukari, matone machache ya ndimu. Piga ute mpaka uwe povu zito, ukiongeza sukari kidogo kidogo, hadi ukigeuza bakuli hakianguki kitu. Weka katika mfuko safi wa plastiki, ukate kona, ukamulie vifuniko vya mviringo upande mmoja na vijiti vifupi upande mwingine. Kausha kwa moto mdogo sana, digri 90 hadi 100, kwa muda wa saa moja na nusu mpaka mbili. Shikanisha kifuniko na kijiti kwa chokoleti iliyoyeyuka, nyunyiza kakao juu. Mtoto atadhani umeuchuma asubuhi.

Umeme wa SNEL ukikatika katikati, usifungue tanuri; joto lililobaki linaendelea kukausha. Na mwenye mbabula pekee asikate tamaa. Sufuria nzito, mchanga mkavu chini, makala machache yaliyokwisha kufifia chini na juu ya kifuniko: hapo meringi inakauka, mradi uwe na subira. Meringi inaungua kwa haraka ya mpishi.

Chukua majani. Jani la mlimau au la mpera, lililooshwa na kukaushwa vizuri, lipake chokoleti iliyoyeyuka upande wa chini, pale mishipa inapoonekana. Ikishaganda, bandua jani polepole. Unabaki na jani la chokoleti lenye kila mshipa wake. Usiku wa Juni na Julai, na baridi ile tunayoijua hapa, huhitaji hata friji.

Chukua jiwe letu la malakiti, lile la kijani lenye mistari ya mviringo linalochongwa mapambo ya kuuzia wageni. Jiwe lenyewe ni shaba, lisikaribie chakula. Lakini ukichukua pati ya sukari ya rangi tatu za kijani, kolevu, ya kati na hafifu, ukaziviringisha pamoja, ukazikata vipande na kuzibana, utapata mistari ileile. Funika gato kwa pati hiyo, na kila mtu wa Lubumbashi atajua inatoka wapi bila kuandika jina.

Kuna na jacaranda, zinazochanua Septemba na Oktoba na kufanya barabara zetu ziwe za zambarau. Kuna ule mmea mdogo ambao wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense, ua la shaba, linaloota kwenye ardhi yenye madini na ambalo liliwasaidia watafutaji kujua shaba iko wapi. Kuna pundamilia wa hifadhi ya Upemba, wa mwisho waliobaki katika Kongo nzima: pati nyeupe, mistari ya chokoleti, kazi imekwisha. Kuna maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, yanayoanguka zaidi ya mita 300, ambayo unaweza kuyachora kwa sukari nyeupe inayoteremka ubavuni mwa gato. Mtoto akiuliza "hii ni nini?", mzazi anapata nafasi ya kumfundisha jimbo lake akiwa na kijiko mkononi.

Mfuko unasema nini

Pati ya sukari inayouzwa tayari inatoka nje, na bei yake inafuata dola. Ya nyumbani inahitaji gramu 500 za sukari ya unga, gramu 7 za jelatini, vijiko vitatu vya maji na kijiko kimoja cha asali au glukozi. Sukari ya unga nayo unaweza kuisaga mwenyewe katika mashine ya kusagia matunda, pamoja na kijiko cha wanga wa mahindi. Loweka jelatini katika maji, ipashe moto bila kuchemka, changanya asali, mimina kwenye sukari, kanda mpaka iwe laini. Mwenye wateja Waislamu aulize kwanza jelatini imetoka kwa mnyama gani.

Na kuna karanga, ambayo tunayo katika kila soko, kuanzia soko la Kenya. Wazungu wanatengeneza pati ya lozi kwa ajili ya matunda na wanyama wa kupamba. Lozi ni ghali hapa. Lakini Wamexico, walipokosa lozi za kutosha, walichukua karanga, wakasaga pamoja na sukari, na leo hiyo ni tamu inayojulikana nchi yao nzima. Pati ya karanga ina rangi ya udongo: nzuri kwa kobe, kwa kichuguu, kwa gogo la mti. Chagua karanga zisizo na ukungu hata kidogo, kwa kuwa ukungu huo una sumu ambayo moto hauiondoi, na mwambie mteja wazi kwamba kuna karanga, kwa ajili ya wale ambao miili yao inazikataa.

Rangi? Bitiruti inatoa waridi, manjano ya kupikia inatoa njano, lengalenga iliyochemshwa na kukamuliwa inatoa kijani, kakao inatoa kahawia, maua makavu ya hibiski yanatoa nyekundu. Chemsha maji hayo mpaka yabaki kidogo na mazito, maana maji mengi yanayeyusha pati. Rangi hizi hazipigi kelele kama zile za kichupani. Ni rangi za vitu vyenyewe, na jicho linazizoea haraka.

Msimu nao uzingatiwe. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa yetu ni kavu, na ua la sukari linakauka vizuri mezani. Mvua zikianza, pati inatoka jasho. Kwa hiyo mwenye akili atatengeneza maua yake Julai na Agosti, atayahifadhi katika makopo yaliyofungwa vizuri mahali pakavu, na msimu wa harusi na Noeli utamkuta na akiba. Na anayefuata mapishi ya Ulaya kwa kipimajoto akumbuke kwamba mji wetu uko juu zaidi ya mita 1.200: maji yanachemka karibu digri 96, kwa hiyo sukari inayotakiwa kufika 118 utaiondoa motoni kwenye 114 hivi.

Wanaonipinga

Wa kwanza watasema: mteja ndiye anayetaka king'ae. Ni kweli, mteja analipa. Lakini mteja anataka kile alichoonyeshwa. Fundi akiweka kwenye simu yake picha za gato yenye uyoga na majani ya chokoleti, kesho ataulizwa hizo. Mashonaji wetu wa liputa wamethibitisha jambo hilo kila mwaka: mtindo unaanzia kwa mwenye ujasiri wa kuuonyesha.

Wa pili watasema: inachukua muda. Inachukua, kweli. Lakini muda huo ndio bei. Kichupa cha unga kila mtu anaweza kukinunua na kukimwaga, kwa hiyo hakimtofautishi fundi mmoja na mwingine, na ndiyo sababu wanashindana kwa kushusha bei. Ua lililotengenezwa kwa mkono halina wa kuliiga kwa dakika tano. Dada aliyekaa jioni mbili akitengeneza jacaranda arobaini ana haki ya kuziandika kwenye bei, na mteja ataelewa akiziona.

Wa tatu, na hao wana hoja nzito, watasema: maumbile nayo yana sumu. Ni kweli kabisa, na hapa Golf ndipo onyo linahitajika zaidi, maana bustani zimejaa maua. Laurier-rose, inayopandwa kwenye kuta nyingi, inaweza kuua mtu. Lantana na ile datura yenye maua ya tarumbeta zina sumu. Waridi la duka la maua limepigwa dawa. Hata ua la shaba nililolitaja limeota kwenye madini. Ndiyo maana ninasema tuyaige maua kwa sukari, tusiyachume na kuyachomeka. Anayetaka ua halisi atumie lile analolijua kuwa chakula, kama hibiski au waridi la nyumbani lisilopigwa dawa, mbali na vumbi la barabara. Na ute wa yai usiopikwa usitumiwe katika gato ya watoto wadogo au ya mama mjamzito. Meringi iliyokaushwa motoni au pati ya jelatini inafaa zaidi.

Wa nne watasema haya ni mambo ya watu wa Golf, wenye pesa. Ninaona kinyume. Mwenye pesa anaweza kuagiza unga wa kweli wa kuliwa kutoka Brussels. Anayenunua kichupa kisicho na jina ni yule wa Katuba au Kamalondo aliyebana pesa ili mtoto wake naye awe na gato inayong'aa kama ya Golf. Mtindo unashuka kutoka huko juu, na hatari inashuka nao. Kwa hiyo mabadiliko yaanzie pale mtindo unapoanzia.

Nani afanye nini

OCC, iliyopewa kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini, isiishie kwenye magunia ya unga na madumu ya mafuta pale Kasumbalesa. Kichupa cha gramu tano kinaweza kumdhuru mtoto kuliko gunia. Huduma za usafi za mji, zinazopita masokoni kutafuta makopo yaliyopitwa na tarehe, ziangalie pia rafu za mapambo ya gato: kisicho na orodha ya vitu vilivyomo kitengwe na chakula.

Vituo vinavyofundisha wasichana kushona na kupika viongeze somo hili. Halihitaji mashine za bei kubwa: bakuli, mchapo, mfuko wa plastiki, mikono. Tena, watu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanaoijua mimea ya miombo kwa majina yake, wangeweza kuwaandalia mafundi karatasi moja tu yenye picha: maua haya yanaliwa, haya hayaliwi. Karatasi hiyo ingebandikwa jikoni nyingi.

Nanyi wazazi mna kazi iliyo rahisi kuliko zote. Mnapoagiza gato, ulizeni: "Mama, hicho kinachong'aa, kwenye kichupa pameandikwa nini?" Fundi mwaminifu hatakasirika, atakuletea kichupa ukisome. Kama hakina maandishi, mwambie akiache, na umlipe kidogo zaidi ili akutengenezee uyoga.